Mdomo Usiosomeka

Watu wengi wakitaka kujua kama mwenzao anadanganya humtazama machoni, na ndiyo maana wanadanganywa kila siku. Macho ni rahisi kuyatia adabu. Mama mmoja wa makamo, aliyetengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno na ambaye kila mtu pale alimwita Fundi, yeye alitazama mdomo. Nusu ya maisha yake ilikuwa imeishia kwenye midomo ya watu: ulimi unalala wapi, shavu linavutwa na nini, pembe ya mdomo inashuka lini. Basi alijua kwamba mtu, kabla hajasema uongo, huuonja kwanza. Huyu atauingiza ndani mdomo wa chini, kidogo tu, yule atakaza taya, mwingine atameza mate kabla hayajajaa. Fundi aliyaona yote hayo bila kutaka, kama unavyosoma kibao cha dukani hata kama huna haja ya kununua kitu.

Kipaji kama hicho, utasema, ni bahati. Subiri kwanza.

Mchana, wagonjwa wakipungua, wafanyakazi wa kliniki walikutana stoo, wakageuza maboksi ya glavu kuwa viti, wakacheza karata. Mchezo wao waliuita Funua. Hauna mambo mengi: unaweka karata kifudifudi na kutaja ulichoweka, tuseme saba mbili. Anayefuata naye lazima aseme ameweka saba, awe nazo au hana, na kama hana anaweka chochote na kukaza uso. Asiyemwamini anasema, "Funua." Ukikutwa umedanganya, unabeba rundo zima. Ukikutwa mkweli, aliyekutilia shaka ndiye analibeba. Wa kwanza kumaliza karata ndiye mshindi, na wa mwisho anaosha vikombe.

Fundi hakuwahi kuosha kikombe. Binti wa mapokezi alikuwa akilamba mdomo kila alipokuwa na njama, maskini, na alipoambiwa, akaacha kulamba akaanza kuuma. Mlinzi, bwana mwenye kifua kipana na sauti ya kuogofya, alikuwa akivuta pumzi puani kabla ya kila uongo, utadhani anataka kupiga mbizi. "Funua," Fundi anasema. "Funua. Na hiyo pia, kaka, funua." Hakuwa akijigamba. Neno lilimtoka tu, kama chafya. Wenzake mwanzoni walicheka, baadaye wakacheka kwa kujilazimisha, na hilo nalo Fundi aliliona midomoni mwao.

"Mama, usinielewe vibaya," binti wa mapokezi alimwambia siku moja, "lakini kucheza na wewe ni kama kuvuliwa nguo."

Tangu hapo binti akawa anakula chakula chake mezani kwake, macho kwenye simu. Mlinzi naye akagundua kwamba geti lake lina shida kila mchana.

Fundi alikuwa ameshayaona hayo nyumbani kwake. Mume wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uongo mdogo mdogo wa watu wote, kwamba ameshiba, kwamba hajachoka, kwamba gauni limempendeza, na kila mmoja ulifunuliwa pale pale mezani, sahani hazijaondolewa. Aliondoka akisema hawezi kuzeekea mahakamani. Binti yao aliolewa mbali. Alimpigia mama yake kila wiki, kwa upendo kabisa, ila simu ya video hakupiga hata siku moja. Mara kamera imeharibika, mara mtandao unasumbua. Fundi alikuwa mpweke, tusizungushe maneno. Jioni aliongea na redio, akimjibu mtangazaji anapouliza swali, kwa sababu redio angalau haina mdomo.

Aliyebaki naye stoo alikuwa dereva wa kliniki, mzee waliyemwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kuendesha kwa mwendo ambao mtu mwenye haraka asingeweza kuupita kwa miguu. Huyo peke yake ndiye Fundi alishindwa kumsoma, na kosa, kama ni kosa, lilikuwa la Fundi mwenyewe.

Kabla hajaajiriwa pale, mzee alianguka kutoka kwenye ngazi akifunga taa, akapoteza meno ya mbele, na yaliyobaki yakafuata moja moja. Fundi ndiye aliyemtengenezea mapya, juu na chini, na aliyatengeneza kwa moyo wake wote. Akayatia umanjano kidogo yasionekane ya kununua. Jino moja akalilaza upande, kama lililosukumwa na jirani yake. Kazi ilikuwa nzuri, nzuri mno. Maana mtu mwenye meno ya bandia juu na chini, mdomo wake una shughuli saa zote: ulimi unashikilia ya chini, mashavu yanayabana ya juu, mate yanamezwa bila sababu. Uongo ukipita katikati ya pilikapilika hizo, nani atautambua? Fundi alikuwa amejijengea ukuta kwa mikono yake.

Na ukuta huo aliupenda. Watu wawili hawawezi kucheza Funua sawasawa, kwani ukitazama karata zako unajua za mwenzako. Kwa hiyo wao walitenga kadhaa pembeni bila kuzichungulia, ili mchezo upate giza kidogo.

"Wafalme watatu," mzee anasema, akiziweka polepole kama anavyoegesha gari.

Fundi anautazama ule mdomo. Unatafuna hewa, unameza, unatulia. Hakuna kitu. "Funua."

Mzee anafunua, na wafalme watatu wamejilaza pale, hawana wasiwasi. "Beba, Fundi. Beba na usinune."

Na Fundi anabeba huku akicheka, yeye ambaye kwa wengine hakuwahi kubeba. Siku nyingine anaosha vikombe, viwili tu, na kuviosha kwa raha. Mzee alipenda kupiga soga kati ya karata. Aliwahi kuvuka mto uliofurika kwa lori lililojaa mbuzi. Aliwahi kuchumbia mwimbaji. Mwanawe alikuwa mtu mzito huko mjini kwake, hapitishi siku bila kumpigia. Lipi kweli, lipi alitia chumvi? Fundi hakujua, na kutojua kulimpumzisha. Mbele ya mzee huyu alikuwa kama watu wengine wote: aliambiwa jambo, akaamini au asiamini, kwa hiari yake. Hakujua kwamba watu huishi hivyo kila siku na hawashukuru.

Kisha mchana mmoja mzee akasema, bila kuinua macho kwenye karata zake, "Mwezi huu ukiisha, napumzika. Wamesema gari litaendeshwa na kijana."

"Utakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu. Amenijengea chumba. Kila siku ananiuliza, baba unakuja lini, baba unakuja lini. Malkia wawili."

Fundi alitazama zile karata mbili zilizolala kifudifudi. Kisha akatazama mdomo wa mzee, na kwa mara ya kwanza tangu wacheze pamoja, alichukia kazi ya mikono yake.

Hakusema funua. Mchana huo alishindwa vibaya, akaosha vikombe na kuvirudisha kabatini na povu lake.

Siku zilizofuata hazikumpa raha. Nyumbani kwake uani kulikuwa na chumba kilichokuwa na mpangaji, mpangaji akahama, na chumba kikabaki kitupu. Mzee angeweza kukaa pale. Wangeweza kucheza kila jioni, mlango wazi, majirani wakiona, hakuna wa kusema neno. Lakini kama mwana kweli anamsubiri baba yake kwa hamu, ya nini kumchanganya mzee wa watu? Angemtia huzuni bure, na yeye mwenyewe angejiaibisha. Na kama mwana hasubiri, basi kukaa kimya ni ujinga. Kila kitu kilining'inia kwenye jambo moja, mzee anasema kweli au hasemi, na hilo ndilo jambo pekee duniani ambalo Fundi hakuweza kulijua.

Angeweza kumwambia tu, kama binadamu: mzee, kuna chumba kwangu, ukikitaka. Hilo halikumjia. Alikuwa amezoea kujua kwanza.

Lilimjia jingine. "Mzee," alisema siku mbili kabla mwezi haujaisha, "lete hayo meno niyaangalie kabla hujaondoka."

"Hayana shida."

"Yana shida. Nasikia yanavyogonga ukisema sita."

Kama kungekuwa na mtu wa kuutazama mdomo wa Fundi saa ile, angemwambia afunue. Hayakuwa yakigonga. Lakini mzee alikunja uso, akasema, "Sita," kwa sauti, akajisikiliza. "Sita. Sita. Mimi sisikii kitu."

"Wewe umezoea. Huko uendako yakivunjika utamlilia nani?"

Mzee hakupenda, ilionekana kwenye mabega. Mtu huyu hakuwa amewahi kuonekana bila meno. Hata siku ile ya kwanza, alipokuja kupimwa, alikuwa na leso mdomoni mpaka alipofikia kiti, na meno hayo alikuwa akilala nayo, jambo ambalo Fundi alimgombeza mara nyingi kwa faida ya ufizi wake. Lakini alimwamini Fundi. Akasema atapita asubuhi.

Asubuhi akapita. Chumba cha Fundi kilikuwa kidogo na kilinukia nta iliyoyeyushwa, na kwenye rafu taya za plasta zilikuwa zimepangana, kila moja na kijikaratasi chenye jina la mwenyewe. Mzee alikaa kwenye kigoda kirefu. Aligeuka akatazama ukuta, akatoa meno, akayaweka kwenye bakuli la maji bila kutazama, na alipogeuka tena kiganja chake kilikuwa kimefunika nusu ya uso.

"Shusha mkono, niuone ufizi."

Akashusha. Uso ulikuwa umefupika, na miaka mingi ilikuwa imeongezeka juu yake kwa mpigo. Midomo ilikuwa imeingia ndani, laini, haina cha kushikilia wala cha kubana. Fundi alipitisha kidole juu ya ufizi kama anavyofanya siku zote, akaukuta mzima kabisa, hakuna kidonda, hakuna mkwaruzo.

Alichukua taulo, akajifuta vidole, akauliza kama mtu anayeongea ili muda upite tu. "Kwa hiyo kijana wako anakusubiri kwa hamu."

"Anasubiri," mzee alisema, na neno likatoka laini, halina kingo. "Jana tu kanipigia."

Lakini kabla ya neno kulikuwa na mdomo wa chini ulioingia ndani na kutoka. Kulikuwa na pembe moja iliyoshuka, na kidevu kilichofanya vishimo vidogo vidogo kama cha mtoto anayejikaza asilie. Fundi aliona yote. Hakuna aliyepiga simu jana. Hakuna chumba. Mwana hakuwa amepiga simu kwa muda mrefu, labda hakuwa akizipokea pia, na mzee huyu mwenye begi lake moja hakujua kabisa anakwenda wapi.

Na hapo, tusimsingizie wema asiokuwa nao, Fundi alifurahi. Furaha ilimpanda kifuani mpaka usoni: atabaki, hana pa kwenda, atabaki. Alikuwa amesahau kwamba yeye pia ana mdomo, na kwamba mzee alikuwa amekaa mbele ya mdomo huo mchana baada ya mchana.

Mzee alirudisha kiganja usoni.

"Umeniona," alisema kwa nyuma ya vidole.

"Mzee, nisikilize. Kwangu kuna chumba uani." Maneno yalimtoka bila mpangilio. "Kina mlango wake, hutapita kwangu. Jua la asubuhi linaingia. Ukuta nimeupaka rangi mwaka huu huu. Mimi sitaki kitu kwako. Tutacheza karata, basi. Baki."

Mzee alinyoosha mkono mwingine kuomba bakuli. Fundi akampa. Akageukia ukuta, akayapachika meno, akayakaza kwa kidole gumba kama alivyofundishwa, na aliporudi kumtazama uso wake ulikuwa umerejea mahali pake.

"Wenzako walikimbia stoo," alisema. "Unafikiri mimi sikujua walikimbia nini? Nilijua. Nilikaa kwa sababu kwangu hukufika. Nikikwambia mwanangu kapiga simu, basi kapiga. Pale kwenye maboksi alikuwa ananipigia kila siku."

Maji ya bakuli yalikuwa yamemwagikia mezani na Fundi hakuyafuta.

"Ningesahau," alisema mwishowe. "Nitajitahidi nisahau."

"Wewe?" Mzee alitabasamu, na hapakuwa na ubaya katika tabasamu hilo, au kama ulikuwepo haukuonekana. "Kila asubuhi nitakukuta uani, nikuamkie, na wewe utakuwa unajua. Siwezi, Fundi. Ungeniambia hivyo juzi, stoo, kabla ya hili, ningekuja nikikimbia. Ningekwambia nakuja kukaa siku chache tu, wakati mwanangu anamalizia chumba."

"Na sasa?"

"Sasa nakwenda kwa mwanangu."

Fundi aliutazama ule mdomo. Ulitafuna hewa, ukameza, ukatulia. Lile neno lake la siku zote lilimfika kooni, na safari hii alilimeza, ila lilikuwa limeshafanya kazi yake.

Mzee alishuka kwenye kigoda kwa uangalifu, mguu mmoja kwanza. Mlangoni alisimama. "Na hayakuwa yanagonga."

"Hayakuwa."

"Ni meno mazuri," mzee alisema, na akafunga mlango taratibu, ingawa Fundi angependelea aubamize.

Alikaa. Kisha kwa sababu ilikuwa siku ya kazi na kuna mama mwingine aliyekuwa akisubiri meno yake, alivaa miwani, akawasha mashine ya kung'arishia, akaanza kusugua. Alilia kidogo, chini ya miwani, bila kusimamisha mikono. Alikuwa amemfukuza mume kwa jicho hilo, akamfukuzia mtoto mbali, na leo alikuwa ameinuka asubuhi, akajipanga, akatunga uongo, ili amfukuze na huyu wa mwisho. Hakuna aliyemtuma.

Ukuta kati yake na mapokezi ulikuwa wa mbao nyembamba. Mashine ilivuma, lakini haikuvuma vya kutosha.

"Nasikia unatuacha, baba," binti wa mapokezi alikuwa akisema upande wa pili.

"Nawaacha, mwanangu. Nakwenda kwa kijana wangu. Amenijengea chumba."

"Jamani, hongera. Chumba chako mwenyewe?"

"Changu mwenyewe. Kina mlango wake, sipiti kwa mtu."

"Sasa hiyo ndiyo raha. Maana hawa watoto wengine wanakubana sebuleni."

"Huyu hapana. Na jua la asubuhi linaingia moja kwa moja." Sauti ya mzee ilikuwa imepata nguvu. Kiti kilisogezwa. Alikuwa ameketi, na hakuwa na haraka. "Ukuta wenyewe kaupaka rangi mwaka huu huu."

"Ana upendo huyo, baba. Kweli ana upendo." Binti alikuwa akiamini kila neno, ilisikika hata kupitia mbao. "Na kitanda? Kashaweka kitanda?"



Fundi alizima mashine. Kitanda yeye hakuwa amekitaja alipomweleza mzee chumba cha uani, na alitaka kusikia mzee atasema kikoje.